Picha ya Kujazia

Picha ya mtu mzima wa afya, anayecheka meno yote nje, haina kosa lolote. Kosa ni pale utakapoiweka. Mchwa aliiweka mahali ambapo hata adui angesita, na kinachouma ni kwamba aliiweka kwa mapenzi.

Jina la Mchwa alipewa na marehemu baba yake, kwa kuwa tangu utotoni aliweza kukaa pembeni kimya kutwa nzima, na mkija kugeuka mnakuta kichuguu kimesimama. Ukubwani akawa anajenga tovuti. Hakuwa na ofisi wala bosi. Alikuwa na meza iliyobanwa dirishani, kompyuta ya mapajani iliyong'oka kitufe kimoja, na wateja wa kila sampuli. Alishamhudumia daktari wa meno aliyetaka ukurasa wote uwe mweusi ili meno yaonekane, na muuza magodoro aliyelalamika kwamba godoro lake kwenye skrini linaonekana gumu. Mteja ni kama mtoto mchanga: kulia anajua, kusema kinachomuuma hajui.

Ila huyu wa safari hii aliwafunika wote. Alikuwa seremala wa majeneza, mzee mnene mwenye kicheko cha kutikisa misumari ukutani.

"Binti," alimwambia siku ya kwanza, "sitaki tovuti ya huzuni. Huzuni watu wanakuja nayo wenyewe kutoka kwao."

"Unataka iweje, mzee?"

"Ichangamke. Na sanduku lizunguke."

"Lizunguke?"

"Polepole, kama keki ya harusi kwenye kioo cha duka. Mteja alione mpaka upande wa miguuni."

Mchwa akalizungusha. Mzee akafurahi, akaongeza jambo: anataka ukurasa wa tanzia. Atakayenunua sanduku kwake atangaziwe msiba bure, picha ya marehemu juu, jina chini, na siku ya mazishi. Hapo ndipo nyoka alipoingia nyumbani.

Kwa maana Mchwa alijua tabia ya wateja. Ukimwonyesha ukurasa wenye kiboksi cha kijivu penye picha, atakuuliza, "Mbona hakuna mtu?" Mpaka aone sura. Kwa hiyo mafundi huweka picha yoyote ya kujazia, na maneno yoyote ya kujazia, kisha huja kuyatoa. Na picha iliyokuwa karibu na mkono wa Mchwa, aliyoifungua kila alipochoka macho, ilikuwa ya mchumba wake.

Mchumba alikuwa fundi wa minara ya simu. Wenzake walimwita Kunguru, maana siku zake nyingi alizimaliza juu kuliko ndege wenyewe. Mchwa ndiye aliyempiga ile picha mchana mmoja, aliposhuka mnarani, kofia ngumu kwapani, jasho shingoni, anacheka kama aliyetoka kupewa siri na mawingu. Mchwa akaipachika mahali pa marehemu. Chini yake akaandika "Mpendwa Wetu." Mtambo ukakataa kuonyesha tangazo mpaka upewe siku ya mazishi iliyo mbele, si ya nyuma. Vidole vikaandika Alhamisi.

Akamtumia mzee linki.

"Ni ya majaribio tu, mzee wangu. Usimtumie mtu."

"Nimekuelewa, binti."

Kuelewa ni kitu kimoja na kunyamaza ni kingine. Mzee alipoona sanduku linavyozunguka, roho haikumtulia. Akaituma linki kwenye kundi la ukoo wake, kundi la maseremala, na kundi la wapangaji wa mtaa wake. Na katika wapangaji hao alikuwamo shangazi yake Kunguru.

Shangazi aliifungua akiwa saluni, kichwa ndani ya draya. Wanaosimulia husema kelele aliyoipiga ilizima ile draya bila mtu kugusa swichi. Alitoka mbio na rola kichwani mpaka kwa wifi yake, mama mzazi wa Kunguru. Kufumba na kufumbua ua lilikuwa limejaa majirani. Kunguru mwenyewe alirudi kutoka kazini, akakuta watu wanatoa viti nje, na kwa kuwa ni kijana mwenye adabu alibeba viti viwili kabla ya kuuliza nani amefariki.

*

Mchwa aliitwa siku ya pili yake, maana picha ile alikuwa nayo yeye peke yake. Alimkuta mama mtu amekaa kwenye kochi linalotazama mlango, simu gotini. Shangazi alikuwa pembeni, nywele nusu zimejikunja nusu zimesimama, maana saluni hajarudi. Kunguru alisimama dirishani, na macho yake yalipomwona Mchwa yalilegea kidogo, kama mtu aliyekuwa ameshika pumzi.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Salamu ilibaki hewani, ikizunguka kama lile sanduku.

"Kaa," alisema shangazi. "Si hapo. Hapo hukaa wakwe."

Mchwa akakaa kwenye kigoda.

"Binti wa kompyuta," mama akaanza, taratibu. "Mimi tangu mwanzo nilisema. Msichana anafanya kazi peke yake chumbani, analipwa na watu asiowaona, anaongea na mashine. Nikaambiwa ni kazi ya kisasa. Haya. Sasa nieleze kisasa gani hiki cha kumzika mwanangu."

"Sikumzika, mama. Ilikuwa picha ya kujazia tu."

"Kujazia nini?"

"Nafasi. Ili mteja aone marehemu atakavyokaa."

Alipomaliza kulisema alitamani alimeze. Shangazi akapiga makofi mara moja, kavu.

"Umesikia, wifi? Wamempima nafasi."

"Shangazi," akasema Kunguru, "mimi niko hapa. Nipapaseni. Nina joto."

"Nyamaza wewe. Hata chai iliyomwagwa huwa bado ina joto."

Mchwa akatoa simu yake. "Nimeshaifuta, mama. Nimeifuta dakika ileile niliyosikia. Tazama, pako peupe."

Mama hakutazama. Aliwasha ya kwake, akaigeuza. Kunguru alikuwa humo, mahali pa marehemu, kofia kwapani, anacheka.

"Umefuta wapi?"

"Ni simu yako, mama. Simu huhifadhi ukurasa uliokwisha kuufungua, ili ukiurudia usisubiri. Kwenye mtandao haupo tena. Upo humo kwako peke yako."

"Kwangu peke yangu."

"Ndiyo, mama. Nipe niutoe, ni kubonyeza tu mara..."

"Usiguse." Mama aliikumbatia ile simu kifuani kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipasuka. "Ulimtoa duniani kwa kidole. Sasa unataka umtoe na humu kwangu kwa kidole hichohicho?"

Nje kuna mtu alikuwa bado anarudisha viti vya majirani, vilisikika vikigongana.

"Swali langu ni moja," mama akasema. "Siku za wiki ni nyingi. Kwa nini Alhamisi?"

Mchwa alifungua kinywa. Jibu alikuwa nalo, na lilimtia baridi. Wiki iliyopita Kunguru alimwambia, kichwa chake kikiwa mapajani mwake, kwamba Alhamisi atapanda ule mnara mkuu wa kilimani, mrefu kuliko yote aliyowahi kuipanda, kubadilisha taa nyekundu ya kileleni. Tangu hapo neno Alhamisi lilimkaa kichwani kama inzi ndani ya chupa. Mtambo ulipodai siku, ndilo lililotoka.

"Imetokea tu," akasema.

Kunguru alimtazama. Mtazamo mfupi. Lakini waliopendana hawana haja ya mrefu, na Mchwa alijua kwamba amejua.

"Basi Alhamisi hupandi," mama akamgeukia mwanawe. "Umenisikia? Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Mimi sijui nimezaa kunguru wa aina gani."

"Nitapanda, mama."

"Wifi, msikie."

"Nisipopanda, huyu atakuwa mchawi maisha yake yote. Nikikohoa, ni yeye. Mtoto wetu akipata homa, ni yeye. Ataolewa na mimi pamoja na ile picha." Alisema kwa upole, na upole huo ulitisha kuliko kelele. "Nitapanda, nitabadilisha taa, nitashuka. Halafu tutakaa hapa tuongelee harusi."

"Na usiposhuka?"

Mama akainuka, akamsogelea Mchwa mpaka Mchwa akasikia harufu ya sabuni ya nguo zake.

"Mpaka siku hiyo ipite nisikuone mlangoni kwangu. Akishuka, nitakuja kwenu mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, kukuomba. Asiposhuka, hata kuzika usije."

*

Kunguru alimsindikiza mpaka kwenye kona ya ukuta, mahali ambapo macho ya dirishani hayafiki.

"Uliandika Alhamisi kwa sababu yangu," alisema.

"Ilikuwa inanizunguka kichwani. Sikuwaza."

"Basi ni mapenzi hayo. Wengine huandika majina kwenye miti, wewe umeniandika kwenye tanzia." Akacheka, ila kicheko chake kilichechemea. Akamshika kidevu. "Umekonda."

"Usipande."

Mkono ukaanguka. "Hata wewe?"

"Mwambie mwenzako apande. Panda Ijumaa. Mnara hauna miguu, hautakimbia."

"Hata wewe unauamini ukurasa ulioujenga mwenyewe?"

"Siuamini. Nauogopa. Hivyo ni vitu viwili."

Kunguru alimtazama kwa muda mrefu, macho yake yakipita usoni pake kama mtu anayehesabu vyumba vya nyumba anayoihama. Kisha akambusu kipaji cha uso, akageuka, akaondoka anapiga mluzi. Mchwa hakuwahi kumsikia akipiga mluzi kabla ya siku hiyo.

Akarudi kwenye meza yake ya dirishani, akajaribu kufanya kazi. Simu ikalia. Alikuwa seremala.

"Binti, yule kijana umemtoa kwa nini?"

"Mzee, yule ni mchumba wangu. Yuko hai."

"Hai?" Mzee aliuliza kama aliyedhulumiwa. "Mwenyezi amzidishie. Lakini ukurasa umepoa bila yeye. Alikuwa anakaa vizuri pale, binti, anakaa kama pake. Watu wameshaniuliza alizikwa na sanduku lipi, walitaka la namna ileile."

Mchwa alikata simu. Akakaa akiitazama ile nafasi aliyoiacha tupu, kiboksi cha kijivu, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akaona kwamba nafasi tupu nayo hutazama.

*

Alhamisi ilianza vibaya kwa kuwa nzuri: jua safi, upepo wa kubembeleza. Mchwa aliandika mstari, akaufuta, akauandika. Mwisho alifunga kompyuta, akavaa viatu, akaenda kwenye mlango aliokatazwa.

Mama alikuwa peke yake kochini. Alikuwa anatabasamu, na lile tabasamu lilimtisha Mchwa kuliko kama angerushiwa sufuria.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikiwa. Lakini hakufukuzwa.

"Umekuja kumlilia? Umechelewa na umewahi. Mwanangu leo hapandi." Mama akainua mto wa kochi. Chini yake ulilala mkanda wa usalama wa Kunguru, ule mnene wa rangi ya machungwa, na kulabu zake mbili za chuma. "Alfajiri alipokwenda kuoga nimeutoa kwenye begi. Nikamwekea taulo na pasi, uzito uwe uleule. Atafika, atafungua, atakuta pasi. Hakuna mwenye akili apandaye mnara bila mkanda. Atarudi ananung'unika, nitampa chai."

Mchwa alitikisa kichwa.

"Mama. Hatarudi."

"Atapandaje?"

"Ataazima. Akikosa wa kuazima, atapanda hivyohivyo."

"Nimekwambia hakuna mwenye akili..."

"Anapanda kwa ajili ya jina langu, mama. Hapo akili iko wapi?"

Tabasamu lilitoka usoni kwa mama polepole, kama maji yanavyotoka kwenye beseni. Akachukua simu, akapiga. Ikaita, ikaita, haikupokewa.

"Simu wanaziacha chini," akasema Mchwa. "Wakishapanda."

Mama alikuwa ameshasimama na mkanda begani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Kwenye teksi mkanda ulikaa katikati yao kitini kama abiria wa tatu, na kila shimo la barabara lilipogongwa, kulabu zililia. Dereva alitaka kutania juu ya mkanda huo, akawatazama kwenye kioo, akaghairi.

Mnara ulionekana kabla ya kilima chenyewe. Na juu, karibu na kileleni, palikuwa na doa jeusi. Ungeweza kudhani ni ndege.

Msimamizi wa kazi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari, begi la Kunguru miguuni pake, pasi imechungulia.

"Amepanda na nini?" akauliza Mchwa.

"Na mkanda wangu wa akiba. Nilimwambia tuahirishe, akasema leo ni leo."

"Ni mzima, huo wa akiba?"

Msimamizi akaangalia pembeni. "Wa zamani. Ila mara nyingi unashika."

Mama alisogea mpaka chini kabisa ya chuma, akainua uso, akavuta pumzi, kifua kikajaa jina la mwanawe. Kabla halijatoka, Mchwa alimfikia kwa nyuma, akamziba mdomo kwa kiganja.

Mtoto wa watu kumziba mdomo mama mkwe. Msimamizi alisimama.

"Usimwite," Mchwa alimnong'oneza sikioni. "Aliniambia mwenyewe. Aliye juu haitwi. Ukimwita atageuka kukutafuta, na mkono mmoja utaachia."

Alisubiri kusukumwa, kupigwa kofi. Mama alitulia. Pumzi yake ilikuwa ya moto kiganjani mwa Mchwa, kisha kiganja kikalowa, na Mchwa akajua ni machozi. Wakabaki hivyo, mmoja amemshika mwingine, nyuso juu. Upepo uliokuwa unabembeleza chini, juu ulikuwa na kazi nyingine. Vyuma vilisikika vikiguna.

Taa nyekundu ikawaka. Ikafifia. Ikawaka tena, ikabaki.

Doa likaanza kushuka. Lilikuwa limepata miguu, kisha mikono, lilipotikisika. Kitu kilitoka pale juu, kikaja kinametameta, kikachoma vumbi hatua chache kutoka walipo. Spana. Mama aliuma kiganja kilichomziba, na Mchwa hakukiondoa. Juu, Kunguru alikuwa amening'inia kwa mkono mmoja, miguu ikitafuta chuma, na kamba ya mkanda ikipepea ubavuni kama utepe. Mguu ulipata. Wa pili ukapata. Akaukumbatia mnara, akakaa hivyo muda mrefu, kama mtu aliyelala. Halafu akaendelea kushuka.

Alipogusa ardhi hakuwa na kicheko. Alikaa kwenye vumbi. Aliwatazama wote wawili, kiganja cha Mchwa kinavuja damu, kinywa cha mama yake kina alama ya vidole.

"Mama," alisema, sauti imekauka, "umenipa pasi."

Mama alipiga magoti, akamfungua ule mkanda wa kuazima mwenyewe, akaupitisha vidoleni. Mshono wa begani ulikuwa umeachia. Ulikuwa umebakiwa na nyuzi ambazo mtu angeweza kuzikata kwa meno. Akaukunja, akauweka chini ya gari, hakumwonyesha mtu.

Kisha akainuka, akaenda mpaka kwa Mchwa.

"Marahaba," alisema.

Ilimchukua Mchwa muda kuelewa ni salamu ipi inayoitikiwa.

Mama alitoa simu kifuani, akaiwasha, akamwekea mkononi. Kunguru alikuwa humo bado, kofia kwapani, meno yote nje, na chini yake siku ya leo.

"Haya," akasema mama. "Mfute. Nakuruhusu."

Mchwa aliishika ile simu. Kazi ilikuwa ya kubonyeza mara mbili. Alishaifanya kwa wateja wangapi. Kidole gumba kikaenda, kikafika juu ya ule uso unaocheka, kikasimama. Alimtazama Kunguru pale vumbini, anakunywa maji ya msimamizi, mengine yakimmwagikia kifuani. Akatazama barabara ya kurudi mjini, malori yakipishana kwa kasi. Akatazama jua. Lilikuwa bado juu sana.

"Bado, mama," akasema taratibu. "Siku haijaisha."

Mama alimtazama usoni, ndani kabisa, kama anayemwona leo kwa mara ya kwanza. Akaichukua simu, akairudisha kifuani, akamshika mkono ule wenye damu.

"Sasa," alisema, "umekuwa mkwe wangu. Shika upande wako tumwinue. Na tukitembea, wewe angalia barabara, mimi nitaangalia juu."